Reli ya kasi isimsahau mwenye magunia matano

Mfanyabiashara anayepokea mzigo wake Kyambogo anazijua njia mbili: Barabara ya Jinja yenye msururu wa malori yaliyotoka Malaba na Busia, na reli ya zamani ya upana wa mita moja inayopita kuelekea Kireka na Namanve. Sasa anaahidiwa ya tatu. Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia saini mkataba wa yuro bilioni 2.7 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa ya umeme, SGR, kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala.

Wanasiasa hupenda kutaja kasi. Treni ya Tanzania kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hufika kilomita 160 kwa saa, na abiria wameifurahia. Lakini mzigo haupotezi siku ukiwa njiani. Huzipoteza ukiwa umesimama. Uganda ilipotia saini, SGR ya Kenya ilikuwa inaishia Naivasha, ilikofika mwaka 2019. Pengo hilo lisipozibwa, kontena litashushwa Naivasha, lipande lori au reli ya zamani, kisha lishushwe tena Malaba. Kila mshusho una gharama yake, na wapakuzi hawapunguzi bei kwa sababu treni ilikimbia.

Naivasha ina funzo jingine. Mwaka 2020 serikali ya Kenya iliagiza mizigo ya nchi jirani isafirishwe kwa SGR kutoka Mombasa hadi bandari kavu ya huko. Waganda walilalamika, wenye malori wakalalamika zaidi. Septemba 2022 Rais Ruto alirudisha shughuli hizo Mombasa. Reli iliyomkuta mteja kwa amri ilimpoteza kwa amri.

Kampala isiirudie njia hiyo. Deni la reli lina ushawishi wake: mapato yakipungua, kishawishi cha kuyafungia malori barabara kitakuwa kikubwa.

Na yupo mtu ambaye mipango hii haimtaji kabisa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamhudumia mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000. Huyo hajazi kontena. Ana magunia matano ya maharage, au marobota ya nguo. Reli ikipokea makontena peke yake, atabaki kwenye lori la kuchangia, akilipa kwa gunia, huku kodi yake ikilipa deni la reli asiyoipanda.

Dawa yake haihitaji mabilioni: behewa la mizigo midogo katika kila ratiba, bei kwa kilo iliyobandikwa stesheni, na ofisa wa forodha wa kuikagua pale inapopakiwa. Mkandarasi amepewa miezi 48. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vikipeleka dai hilo wizarani sasa, stesheni zinaweza kujengwa zikiwa na ghala lake.