Tetemeko ni la Mungu, ukuta ni wa mtu

LUBUDI – Kila mara ardhi inapotetemeka na watu wanakufa, neno moja husikika kwenye matanga: "Ni Mungu alipenda." Wafiwa wana haki ya kulisema, kwa kuwa linawapa nguvu ya kuzika. Lakini kiongozi akilisema mbele ya redio, linakuwa mlango wa kutorokea. Hakuna tena wa kuulizwa nani alijenga ukuta ulioanguka, nani aliukubali, na pesa za msaada zilipita wapi.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la nguvu ya 9.1 lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yaliua watu zaidi ya 220,000. Huko Aceh, karibu na kitovu, watu hawakupata hata nusu saa ya kukimbia. Lakini mawimbi yaleyale yalitumia karibu saa saba kufika Somalia. Saa saba! Mtu anapanda mlima, anapumzika na kushuka tena. Wavuvi wa Hafun hawakuambiwa kitu, na Somalia ilipoteza watu karibu 300. Tanzania, watu wasiopungua kumi walikufa maji. Kenya, redio zilitangaza, polisi wakawaondoa watu ufukweni Mombasa, na alikufa mtu mmoja. Ni kweli maji yalikuwa yamekupwa na wimbi lilikuwa limechoka. Lakini aliyeondolewa ufukweni hakuzikwa, na kilichomuokoa ni tangazo.

Atasema mtu: Lubudi haina bahari. Haina bahari, lakini ina ardhi ileile inayopasuka. Bonde la Upemba, hapa jirani, lilizaliwa na mpasuko huo. Kabalo ilizika watu wake mwaka 1992. Jumatatu ya 5 Desemba 2005, tetemeko la 6.8 lilitoka chini ya Ziwa Tanganyika, likaangusha nyumba Kalemie na kusikika mpaka Lubumbashi na Nairobi. Jumapili ya 3 Februari 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu na ya ng'ambo ya Rwanda, ambako kanisa liliwaangukia waumini. Bukoba, Tanzania, watu 17 walikufa tarehe 10 Septemba 2016.

Katika miji hiyo, ni nyumba zilizowaua watu: ukuta mzito bila nguzo, tofali juu ya tofali bila simenti ya kutosha, paa lililolala juu ya ukuta tu. Na Lubudi ni mji uliojulikana kwa kiwanda cha simenti! Simenti ilipanda treni ikaenda kujenga kwingine, na mpaka leo familia nyingi zinalala kati ya kuta za matofali mabichi. Walio hatarini zaidi ni waliohama makwao, wawe walikimbia vita ao waliondolewa ili kupisha migodi. Mtu asiyejua kama atafukuzwa tena mwaka ujao hawezi kujenga msingi wa mawe. Anajenga haraka, anajenga chepesi, na nyumba hiyo ndiyo itakayomuangukia.

Tena hasara haiishi kwenye makaburi. Bukoba, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Kabla ya mwezi kuisha, Rais Magufuli aliwafukuza kazi maafisa wawili kwa tuhuma ya kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya msaada. Januari 2017 alikwenda mwenyewe kuwaambia watu kwamba serikali haitawajengea nyumba. Mama aliyepoteza nyumba yake alihesabiwa siku ya kwanza, picha ikapigwa, kisha akabaki na mabati yake chini ya mti. Yeye pia ni mtu wa tetemeko, hata kama jina lake haliko kati ya wafu.

Lubudi inajua tayari maumivu ya kutohesabiwa. Machi 2022, treni ya mizigo ilipoanguka Buyofwe, hesabu iliyotangazwa ilifika wafu 75. Waliopanda juu ya mabehewa hawakuwa na tiketi wala orodha. Ajali ile haikuwa tetemeko, lakini iliacha somo lilelile: asiyeandikwa akiwa hai ni vigumu kumtafuta akiwa amekufa.

Kwa hiyo mkuu wa eneo na liwali wa jimbo wasingoje ardhi itikisike ndipo waje na maturubai na maneno ya pole. Madarasa na makanisa yakaguliwe sasa, na jengo bovu lifungwe hata kama mwenye nalo ni mtu mkubwa. Kila familia iandikwe, ya wenyeji na ya waliohama, katika orodha moja. Redio ifundishe kwa lugha za watu: mtoto akae mbali na ukuta, mtu asirudi ndani kufuata godoro. Na pesa za msaada, siku zitakapokuja, zisomwe hadharani, franka kwa franka, na jina la aliyezipokea.

Hakuna anayemdai liwali azuie ardhi kutetemeka. Anadaiwa ukuta, orodha na hesabu. Hizo Mungu hakuzichukua. Ziko mezani kwake.