GARI LIKO JUU YA MAWE

Nianze na ugomvi, salamu zitafuata.

Hapa Msalato, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kulikuwa na lori aina ya Bedford TJ juu ya mawe. Watoto wote wa mtaa wetu tulijifunza udereva ndani ya lori lile lisilokwenda popote. Mmoja anashika usukani, mmoja anakuwa utingo, waliobaki ni abiria na nauli ni majani ya mwarobaini. Kuku walitaga chini ya kiti cha dereva. Mwenyewe, mzee tuliyezoea kumwita Babu Dereva, alitoka kila jioni na kitambaa, akafuta vumbi kwenye boneti, akarudi ndani. Kila jioni, bwana, na gari halina hata injini nzima! Sisi tulikuwa tukicheka.

Lori lile halipo tena. Jumamosi moja, watu wazima wako mnadani na mbuzi wao na nyama choma zao, na mzee kaenda Kondoa msibani, walikuja vijana watatu na Kenta, mtungi wa gesi na mizani. Mtoto wa mzee ndiye aliyewaita. Walilikata vipande, wakalipima kwa kilo kama viazi mbatata, wakahesabu mshiko, wakaondoka. Saa mbili hazikuisha. Mzee aliporudi alikuta mawe manne na doa la oili. Alilitazama lile doa muda mrefu, halafu akaniuliza kama mnada ulikuwa na watu wengi.

Sasa msije mkaniambia nalilia mkweche. Nitawaeleza nilichokilia.

Mwaka 1971 Babu Dereva alikuwa kijana, dereva wa serikali, na Bedford ile ile ilikuwa mali ya serikali. Huo ndio mwaka wa Operesheni Dodoma, Wagogo walipohamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika wakapelekwa vijiji vipya. Walihamishwa na nini? Na malori. Vinu, vibuyu, ndama, mabibi, watoto wachanga, wote nyuma ya bodi moja. Wengine walipanda wenyewe, wengine walipandishwa. Mzee alinisimulia haya akiwa amekaa kwenye kile kiti chenye mayai ya kuku, mikono juu ya usukani, macho mbele kana kwamba kuna barabara. “Mjukuu wangu,” akasema, “nyuma hapo mama mmoja alijifungua njiani. Nilisimamisha gari, nikazima, nikashuka nikasimama mbali na kofia mkononi. Sikumuuliza jina na yeye hakuniuliza langu.” Miaka ya 1980 lori likaandikwa chakavu, likapigwa mnada, akalinunua yeye kwa akiba yake yote. Wenzake walimwona mwehu. Akabebea mahindi na alizeti barabara ya Kondoa mpaka lilipomshinda.

Hicho ndicho kilichouzwa kwa kilo. Mama yule kama yu hai ni bibi, na mtoto wake ni mtu mzima mwenye wajukuu pengine, na mbao alizozaliwa juu yake zilikuwa hapa, hatua chache kutoka barabarani. Tungeweza kumwonyesha.

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Lori likiwa bado lipo nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, kuuliza kama wanaweza kulichukua au hata kulipiga picha tu. Ofisa alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akatabasamu: “Malikale ni vitu vya kale, kijana. Hiyo ni skrepa.” Nikaondoka nimekasirika. Baadaye nikaisoma sheria yenyewe, nikaona hata yeye si wa kulaumiwa sana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, na mpaka wake ni mwaka 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo ni cha kale chenyewe. Milango ya kuchonga imepewa nafuu, inatosha iwe ya kabla ya 1940. Haya, Karl Benz aliandikisha gari lake mwaka 1886! Maana yake hakuna motokaa hata moja duniani yenye umri wa kuitwa malikale Tanzania, hata ile ya kwanza kabisa. Sheria inampa Waziri nafasi ya kukitangaza kitu kilindwe kwa sababu ya historia yake. Nafasi ipo. Lakini nani atamwendea Waziri na habari ya Bedford iliyotagiwa mayai?

Mtasema mbona magari yapo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Yapo, nimeyaona. Kuna Rolls-Royce iliyowabeba wakoloni wa Kiingereza kisha ikambeba Mwalimu, na kuna Austin Morris ya Mwalimu ya siku za TANU. Mimi ile Austin naiheshimu kuliko ile Rolls-Royce, maana ilikula vumbi. Lakini tazama vizuri kilichohifadhiwa pale: gari la mkubwa. Kama hukuwahi kuwa Gavana wala Rais, chombo kilichokubeba wewe na bibi yako hakina banda. Ikarus za UDA, zile ndefu zenye kiungo katikati tulizoziita kumbakumba, ziko wapi? Chai maharage, abiria wanatazamana kama wako mezani, iko wapi? Nyumbu, lile gari lililoundwa Kibaha na mafundi wetu wenyewe chini ya jeshi, mtoto wa shule atalionea wapi? Na Scania zilizounganishwa hapo hapo Kibaha kwenye kiwanda cha TAMCO? Taifa liliwahi kujaribu kuunda gari, jamani, halafu tunaona aibu hata kuonyesha tulifika wapi.

Huu ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1907 luteni mmoja Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa Gaggenau, akavuka Afrika mpaka Swakopmund, akafika Mei 1909. Jina lake lipo vitabuni, la kiwanda lipo, tarehe zipo. Wale waliolisukuma kwenye matope na kulivusha mitoni kwa kamba? Wenyeji. Basi, “wenyeji”, nukta.

Twende Kongwa, hapo jirani tu mashariki ya Dodoma. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Mwaka 1947 wakaanza kung'oa pori kwa mashine. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vya vita, vile vya Sherman, vikang'olewa mizinga vikageuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Vifaru vinalima Ugogo! Ardhi ya Kongwa kiangazi ni saruji. Ikavunja majembe, mashine zikafia porini, mvua ikagoma, na Januari 1951 mradi ukafutwa, paundi zipatazo milioni 36 zimeteketea. Habari hii inafundishwa vyuo vikuu vya ng'ambo kama mfano wa ujinga wa wataalamu. Sisi tulioachiwa vyuma vyake tulivifanya nini? Vingine vikawa majembe, na hapo sina neno, jembe ni chakula. Lakini hata kimoja tu? Shervick moja iliyosimama kando ya barabara kuu, yenye kutu, ingemfundisha mpanga mipango wa leo kuliko semina tatu na posho zake.

Najua jibu linalokuja, nalisikia kijiweni kila siku: watu hawana maji, wewe unataka makumbusho ya mikweche. Hoja hii ina nguvu na sitaipuuza, maana ndoo ya maji naibeba na mimi. Lakini nauliza: siku lile lori lilipokatwa, maji yalikuja? Fedha ile iliisha kabla ya mwezi kuisha. Landrover za zamani mnajua zinakoishia? Bodi yake ni alumini, kwa sababu mwaka 1948 ilipotolewa mara ya kwanza Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua. Kwa hiyo chasisi inaliwa na kutu, bodi inabaki, mnunuzi wa vyuma chakavu anaifurahia, anaiyeyusha. Landrover ya bwana shamba, ya mganga, ya misheni, inarudi sokoni ni sufuria. Unapikia ugali historia ya wilaya yako, na hata sufuria yenyewe haikai miaka mitatu.

Wengine watanikumbusha tamasha la Landrover la Arusha, Oktoba 2024, zaidi ya gari 1000 kwenye msafara mmoja. Nilifurahi, sikatai. Ile ni sherehe ya gari zinazotembea na wenye uwezo wa kuzitia mafuta. Jumatatu kila mtu alirudi kwake. Kenya nao wana mbio zao za magari ya zamani, Safari Classic, tangu 2003, na ni nzuri, ila ni mchezo wa watu wenye mifuko mirefu. Ninachowaonea wivu Wakenya ni kitu kingine: tangu 1971 wana makumbusho ya reli Nairobi, vichwa vya treni vimesimama, mtoto anapanda anashika chuma kwa mkono wake.

Basi nasema makumbusho yawe hapa Msalato. Msicheke! Kwanza hewa. Pwani chumvi inakula bati usiku na mchana. Huku mvua kwa mwaka ni milimita 600 au pungufu, na kiangazi hakuna tone kwa miezi. Bedford ya mzee ilikaa nje miaka yote ile na milango yake ilikuwa inafunga. Pili barabara. Hii inayopita hapa ndiyo Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ya ndoto ya Waingereza ya kutoka Cape hadi Cairo. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018 tu. Kabla ya hapo, Mayamaya kwenda Mela na mbele, ilikuwa dereva, utingo na Mungu. Kila shimo lilikuwa na jina. Ukipanda barabara hiyo hiyo unafika Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Na uwanja wa ndege wa kimataifa mnajua uko wapi. Mgeni akishuka Msalato, anapelekwa Kolo kwa gari jipya lenye kiyoyozi, hapiti mahali hata pamoja pa kumwonyesha sisi tulisafiri vipi.

Siombi jumba la vioo. Naomba banda la bati, sakafu ya saruji, na gereji ndani yake. Gereji ndiyo muhimu kuliko yote. Kufufua gari siyo kulipaka rangi liwake kama jeneza. Ni kujua kusafisha platini kwa kipande cha msasa, kukata gasketi kutoka kwenye boksi la sabuni, kunyonya petroli kwa mdomo ukajua kwa ladha kama imechanganywa na mafuta ya taa, kusikiliza injini na bisibisi sikioni. Ujuzi huu wanao wazee ambao wengi wamevuka miaka 70. Vijana wa VETA wangekaa nao chini ya chasisi miezi sita, hilo lingekuwa makumbusho tayari, hata kabla ya kukata tiketi. Na bonde la kwenye bampa libaki kama lilivyo, mtu alilipata mahali fulani na kuna kisa chake.

Sasa zamu yenu, waandishi chipukizi wenzangu, maana mlikuwa mnanisoma mkidhani ugomvi ni wa serikali. Mnakuja kijiweni mnalalamika hakuna habari ya kuandika. Hadithi zenu zote zina binti wa Masaki na kijana anayekwenda Ulaya. Babu Dereva alikaa hapa miaka na miaka, hakuna aliyemwendea na daftari. Mimi mwenyewe nilimwendea mara mbili, mara ya pili nikasahau kalamu! Nikajiambia nitarudi, lori haliendi popote. Lilikwenda.

Mzee yu hai. Macho yamefifia, lakini ukimwuliza njia ya Kondoa anakutajia korongo kwa korongo, na anajua lipi lilimeza gari la nani. Kila Jumamosi jioni, mnada ukitulia, nakwenda kwake. Naamkia, naleta sukari, naandika. Tumefika Haneti. Anayetaka kuja aje na daftari lake, langu linakaribia kujaa.

Na kuna kitu kimoja wale vijana wa Kenta hawakukichukua, kwa sababu hawanunui mbao. Ubao wa nyuma wa lile bodi, mninga mtupu, jirani aliuokota akaufanya mlango wa zizi la mbuzi. Maandishi yake bado yanasomeka ukiusogelea: TUTAFIKA TU. Nimemwomba aniuzie. Anataka mifuko miwili ya saruji, na mpaka sasa nina mmoja.