Cheti cha Siku Tatu Hakiponyi Mtu



Katika miji yetu ya Kivu, na hata vijijini, limezuka kundi jipya la watu wenye vyeti. Kijana anaitwa kwenye semina. Anakaa siku tatu, anakunywa soda, anaandika katika daftari, anapigwa picha pamoja na wenzake. Siku ya tatu anapewa karatasi yenye muhuri. Juma linalofuata amekwisha kuandika mlangoni pake: «Psikologe», yaani mtaalamu wa akili na moyo. Watu wanamletea mwanamke aliyetendewa jeuri vitani, mtoto aliyeona baba yake akiuawa, kijana anayesikia sauti usiku. Naye anawapokea wote.

Sisi twasema waziwazi: jambo hili ni baya. Na wote wanaolinyamazia wanawaumiza wagonjwa.

Hatusemi kwamba kazi yenyewe ni mbaya. Sivyo hata kidogo! Vita vilivyoanza mashariki ya Kongo mwaka 1996 vimeacha majeraha mengi yasiyoonekana kwa macho, na waganga wa majeraha hayo ni wachache mno. Lakini uchache wa waganga haumfanyi kila mtu kuwa mganga. Kama lori limekosa dereva, je, tutampa usukani mtu wa kwanza anayepita njiani? Hapana. Tutamtafuta mwenye permi, kwa sababu twapenda mihogo yetu ifike sokoni. Basi, akili ya binadamu ina thamani ndogo kuliko mifuko ya mihogo?

Tazameni kazi hiyo inadai elimu gani. Mgonjwa amepewa dawa iitwayo haloperidol. Siku ya pili shingo yake inapinda, macho yanatazama juu, ulimi unakakamaa. Watu wa nyumbani wanapiga kelele: «Pepo amepanda!» Wanatupa dawa, wanamfunga kamba, wanampeleka katika chumba cha sala. Kumbe mwuguzi aliyesoma anajua kwamba ni dawa yenyewe iliyoleta mambo hayo, na kwamba iko dawa nyingine ya kulegeza shingo ile upesi. Au mtu wa kifafa anakunywa phenobarbital, naye mwenye cheti anamwambia: «Umekwisha kupona, acha vidonge.» Kuviacha ghafula kwaweza kuleta degedege moja juu ya nyingine, hata kufa. Au mtu anaropoka na kukimbia uchi. Labda si wazimu, ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa inayopita ni hatari. Nani atatofautisha mambo hayo? Si mtu wa siku tatu.

Tena iko habari ya siri. Mwanamke amefungua moyo wake, amesema jambo ambalo hata mama yake halijui. Kesho anasikia habari zake kisimani. Mtu huyo amejeruhiwa mara ya pili, na jeraha hili la pili limetoka kwa yule aliyejiita mganga. Kutunza siri ni sheria ya kazi. Mwanafunzi anafundishwa sheria hiyo kwa muda mrefu, chini ya macho ya mkubwa wake, na akiivunja anaadhibiwa. Mwenye cheti cha siku tatu, nani atamwadhibu?

Wengine watatuambia: «Njia nyingine haiko.» Si kweli. Njia iko, ila ni ndefu. Kijana aweza kuingia ITM, yaani shule ya sekondari ya uuguzi, na baada ya miaka minne ya humanite akatoka mwuguzi wa A2. Aliye na diploma ya Serkali, ile ambayo mtihani wake ulianzishwa mwaka 1967, aweza kuendelea ISTM miaka mitatu au zaidi, awe mwuguzi wa A1. Anayependa psikolojia aende universite: Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi zina fakulte ya psikolojia na elimu ya malezi. Daktari wa wagonjwa wa akili anasoma kwanza udaktari wote, kisha anaongeza miaka mingine ya psikiatri. Na kwa wauguzi kuna sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyoanzisha Ordre, yaani baraza la kazi yao, ambamo lazima waandikwe. Juu ya hayo yote iko staji: kukaa miezi karibu na wagonjwa, kukosea mbele ya mwalimu anayesahihisha, wala si mbele ya mgonjwa asiye na mtetezi.

Wengine husema: «Elimu ya nini? Mapendo yanatosha.» Tuwakumbushe habari moja ya kweli. Katika mji wa Gent, nchi ya Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha shirika la Frères de la Charité mwaka 1807. Mwaka 1815 walikwenda kuwafungua wagonjwa wa akili waliokuwa wamefungwa minyororo katika ngome ya kale. Je, yalikwisha hapo? Hapana. Triest alifanya kazi pamoja na daktari, Joseph Guislain, ambaye mwaka 1828 alipewa kazi ya kuwatibu wagonjwa hao. Wakapanga nyumba, wakaandika sheria zake, wakawafundisha mafrera namna ya kuwatunza wagonjwa. Mapendo yalifungua minyororo. Elimu ilizuia isirudi. Shirika hilo lilifika Kongo mwaka 1911, na leo wagonjwa wa akili wanatunzwa katika nyumba zake SOSAME ya Bukavu, Ndera ya Kigali na Kamenge ya Bujumbura. Huko Lubumbashi iko nyumba yenye jina la Guislain mwenyewe.

Lakini msemaji mwingine atajibu: «Ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wanateseka leo!» Neno hilo lina nguvu, nasi hatulidharau. Mafundisho mafupi yana mahali pake. Mwaka 2011 Shirika la Afya la Dunia na wenzake walitoa kitabu cha msaada wa kwanza kwa watu waliopatwa na msiba: kusikiliza, kutuliza, kutafuta maji na ndugu waliopotea. Kila Mkristu mwenye moyo mwema aweza kujifunza hayo. Lakini kitabu chenyewe chaeleza kwamba msaada huo si matibabu ya mtaalamu. Na huko Harare, nchi ya Zimbabwe, tangu mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kukaa bengini na kusikiliza watu waliolemewa na mawazo. Wamesaidia wengi. Lakini wabibi hao hawakuachwa peke yao. Wanasimamiwa, na wakimwona mtu anayetaka kujiua wanampeleka kwa mkubwa wao. Wala hawajiiti madaktari. Hapo ndipo penye tofauti! Kosa halimo katika siku tatu. Kosa limo katika jina la uongo, na katika kazi isiyo na msimamizi.

Mashirika mengine yanapenda kuhesabu: «Tumefundisha watu mia.» Sisi twauliza: nani amerudi kuwatazama hao mia baada ya miezi sita? Wagonjwa wao wamepona wangapi?

Nanyi wazazi, sikieni. Mtoto akisema anataka kuwatunza wagonjwa wa akili, mnacheka: «Utakuwa mwenda wazimu kama wao.» Wazimu hauambukizi kama surua. Mnauza ng'ombe ili mwana asome sheria au biashara, lakini kwa kazi hii hamtoi hata kuku. Halafu siku ndugu yenu anapougua, mnalia kwamba waganga hawako. Mngewapata wapi?

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, mtu asijiite jina ambalo hakulisomea, na mgonjwa asione haya kuuliza: «Ulisoma wapi, miaka mingapi, nani anakusimamia?» Pili, kila msaidizi wa semina afungwe kwa mwuguzi au daktari anayejulikana, ampelekee wagonjwa wanaomshinda. Tatu, kila parokia ichague kijana mmoja, mvulana au msichana, mwenye subira na mwenye kutunza siri, imlipie shule mpaka mwisho. Na akirudi na diploma yake, apewe mshahara wa kumtosha, asiikimbie kazi.

Tuanze mwaka huu. Kijana anayeingia ITM leo atahitaji miaka minne, na wagonjwa wanamngojea.