Tujifunze Kiingereza: Kueleza Vitu na Kusema Tunachopenda

Wengi wetu tuna ndugu waliovuka mpaka kwenda Uganda, ambako Kiingereza ni lugha ya serikali na ya shule. Tuseme mmoja wao amepoteza mfuko katika kituo cha mabasi cha Kampala. Akisema «bag» tu, nani atamsaidia? Mifuko ni mingi. Sharti aueleze: «a small black bag», yaani mfuko mdogo mweusi.

Tuangalie vema. Kwa Kiingereza sifa hutangulia jina, ukubwa kwanza, rangi baadaye. Tena sifa haibadiliki. Sisi twasema mfuko mweusi, mifuko myeusi. Wafaransa nao hubadilisha. Mwingereza husema «black bag», «black bags»: jina peke yake ndilo lililobadilika.

Sasa kupenda. «I like» ni kupendezwa na kitu; «I love» ni kupenda kwa moyo wote. Usipopenda samaki, waweza kusema «I do not like fish». Lakini mbele ya mwenyeji aliyekupikia, neno hilo ni kali. Sema «I prefer beans», yaani napendelea maharagwe. Utakuwa umekataa bila kumwaibisha.

Zoezi la jioni: kila mtoto achague kitu kimoja nyumbani, akieleze kwa sifa tatu bila kukitaja, wengine wakitambue. Wazazi nao wajaribu, wasione haya. Afadhali tukosee nyumbani, penye kicheko, kuliko ugenini, penye haja.