Dawa bila maelezo haiaminiki

BILA shaka umewahi kutoka zahanati na kijibahasha cha dawa kilichoandikwa 2x3. Je, uliambiwa maana yake? Kuna wanaopiga hesabu, wakapata sita, wakatulia hapo. Kumbe ni tembe mbili, mara tatu kwa siku, yaani takriban kila baada ya muda wa saa nane.

Asiyeelezwa hubahatisha. Asipopona, halaumu kijibahasha, humlaumu daktari. Safari ijayo humwendea jirani, ambaye hana haraka na huzungumza lugha ya nyumbani. Ndiyo maana jirani huaminika hata anapokosea.

Hebu tutazame malaria. Kwa miaka mingi Wakenya walitibiwa kwa klorokwini. Mwaka 1998 serikali iliiacha, ikaleta dawa za aina ya Fansidar. Mwaka 2004 sera ikabadilishwa tena, na kuanzia 2006 tukapewa AL. Mtu asiyefafanuliwa atasema, "Hawa hata wenyewe hawajui!" Ukweli ni kwamba vimelea vya malaria vilizizoea dawa za awali, zikaishiwa makali. Daktari hakudanganya. Adui ndiye aliyebadilika.

Hata hiyo AL yataka maelezo. Mtu mzima humeza tembe nne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, jumla 24. Siku ya kwanza, kipimo cha pili humezwa saa nane baada ya kile cha kwanza. Ni vyema kuimeza pamoja na chakula au maziwa. Homa ikishuka mapema, wengine huacha njiani na kumwekea mtoto zilizobaki. Hiyo ni hatari! Kipimo cha mtoto hufuata uzani wake, nawe hujamaliza kuua vimelea vyako.

Basi ufanyeje? Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuondoka, muulize mhudumu mambo matatu: ninaugua nini, dawa hii niimeze vipi, na ni dalili zipi zikitokea nirudi upesi? Kisha mrudishie maelezo hayo kwa maneno yako mwenyewe. Ukikosea, atakurekebisha papo hapo.

Nawe mwanafunzi, leo jioni mwombe nyanya akuonyeshe dawa zake. Msomee maandishi polepole, kwa lugha anayoielewa. Na msipoelewana na karatasi hiyo, rudini nayo kwa aliyewapa.