Video Hiyo Ikikufikia, Iishie Kwako

Kijana, tuambiane ukweli. Siku hizi si lazima ujifiche kwenye kibanda cha video ili uone picha za ngono. Uwe Bumala, Butula sokoni au kwenye foleni ya malori pale Malaba, bora una bando, zimo mfukoni mwako. Mara nyingi hata hujazitafuta. Ni beste amekutumia.

Wakubwa wakiona hivyo, wengi hukimbilia kulaumu mavazi ya wasichana. Majirani zetu ng'ambo ya mpaka walishaijaribu njia hiyo. Februari 2014, Rais Museveni alitia saini sheria ya kupiga vita ponografia, na watu wakaibandika jina la sheria ya minisketi. Muda si muda, wanawake wakaanza kuvamiwa na kuvuliwa nguo barabarani. Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta vifungu vyake muhimu. Na tusiwacheke. Novemba hiyohiyo ya 2014, wanawake walivuliwa nguo hapa Kenya pia, hadi wenzao wakaandamana Nairobi.

Shida haiko kwenye urefu wa sketi. Iko kwenye somo ambalo video hizi zinafundisha: kwamba mwili wa mtu ni wa kutumiwa tu, na hakuna haja ya kumuuliza kama anataka. Ukilishwa somo hilo kila usiku, siku utakayokosana na msichana aliyekuamini akakutumia picha yake, utaona ni kawaida kuirusha kwenye grupu. Wewe utacheka dakika mbili. Yeye ataogopa kurudi shuleni, kwenda sokoni, hata kanisani. Huku kwetu si jiji kubwa ambako mtu hupotelea katika umati. Kila mtu anajua huyo ni binti wa nani.

Usidhani ni mzaha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za siri za mwenzake anaweza kutozwa faini ya hadi Sh200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Picha ikiwa ya ngono na ya mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, faini inafika Sh20 milioni na kifungo miaka 25. Kusema "mimi nimeforwadi tu" hakutakuokoa, kwa sababu kuforwadi ndiko kusambaza.

Na kama picha iliyovuja ni yako, usijifungie ndani. Hifadhi ushahidi, mwambie mtu mzima unayemwamini, piga ripoti polisi. Ukiwa chini ya miaka 18, piga 116, ni bure.

Wewe uliyetumiwa, usicheke wala usiulize "ni nani huyo?" Mwambie aliyekutumia kwamba amekosea, kisha uifute. Grupu likikuita mshamba, jitoe. Kuna dada wa mtu ambaye kesho anataka kwenda shule.