Fedha ya Mkulima Hupitia Mkono wa Nani?

Katika mwaka 1933, bei ya pamba ilikuwa imeanguka sana huko Marekani. Serikali ikatunga sheria: mkulima atakayekubali kupunguza shamba lake la pamba atalipwa fedha. Pamba ikipungua, bei itapanda.

Tutazame wilaya ya Poinsett, katika jimbo la Arkansas. Huko watu wengi walilima ardhi ya matajiri na kugawana nao mavuno. Serikali ilipeleka fedha kwa mwenye ardhi, ili yeye awape wapangaji wake sehemu yao. Wengi hawakuwapa. Tena, mashamba yalipopunguzwa, kazi nayo ilipungua, na jamaa nyingi zikafukuzwa. Basi katika mwezi wa Julai 1934, weusi kwa weupe walikutana pale Tyronza, wakaanzisha chama cha kudai haki yao.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, wasomaji wapendwa, msaada ukifika kijijini kwetu, tuulize mapema: nani amekabidhiwa, na sehemu ya kila mlimaji ni kiasi gani? Kuuliza hivyo si fitina, ni haki.